Daftari moja, mtaa mmoja: namna mwanafunzi wa chuo anavyoweza kuanza kazi ya haki za jamii

Kila mwaka, vyuo vikishafunguliwa na bumu, ile fedha ya mkopo ya kujikimu, likishaingia, napokea ujumbe wa aina ileile: "Dada, mimi ni mwaka wa kwanza, napenda sana masuala ya haki za jamii, nianzie wapi?" Zamani nilikuwa natuma orodha ya mashirika. Niliacha, kwa sababu waliopewa orodha walituma barua pepe kumi siku moja, wakakaa kungoja majibu, na muhula ukaisha. Siku hizi najibu: nunua kaunta buku la kwaya mbili, halafu tuongee.

Mimi ni msaidizi wa kisheria hapa Dar es Salaam. Nilianza nikiwa mwaka wa pili Mlimani, yaani Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, nasoma sosholojia, sheria nilikuwa naijua kwa jina tu. Ninayoyaandika hapa ni ya Tanzania. Mlio Kenya au Uganda, utaratibu wa ofisi zenu ni mwingine.

Hatua ya 1: Chagua jambo moja unaloweza kulifikia kwa miguu

"Haki za jamii" huwezi kuzishika mkononi. Unachoweza kushika ni choo cha wasichana katika shule moja ya kata, ushuru wanaotozwa mama lishe nje ya geti la hosteli, au wajane wa mtaa fulani wanaotolewa kwenye nyumba baada ya arobaini. Lipime jambo lako kwa maswali mawili: nani anaumia, na saini ya nani inaweza kulibadilisha? Kama swali la pili huna jibu, bado hujapata jambo, una hasira tu. Hasira si mbaya, lakini haina anwani ya kupelekea barua.

Na liwe karibu. Nauli ya daladala kwenda na kurudi mara mbili kwa wiki, muhula mzima, imewatoa vijana wengi kwenye kazi hii kuliko woga wowote.

Hatua ya 2: Kaa kwanza na waliotangulia

Usianzishe shirika. Najua jina umeshalipata na nembo imeshachorwa. Liache. Kusajili asasi chini ya sheria ya mwaka 2002 kunakuja na taarifa za kila mwaka, hesabu na ada, na wewe una sapu, mtihani wa marudio, ya takwimu inakusubiri.

Milango iko wazi kuliko unavyodhani. HakiElimu, shirika la kutetea elimu lililoanza 2001, ina mtandao wa Marafiki wa Elimu ambao mwananchi yeyote anaweza kujiunga. TGNP, Mtandao wa Jinsia Tanzania, iliyoanzishwa 1993 na yenye makao yake Mabibo, kwa miaka mingi imekuwa na semina za Jumatano za jinsia na maendeleo, ambako mama muuza samaki na mhadhiri wanakaa kwenye viti vya aina moja na kubishana. Mimi nilijifunza kuongea mbele za watu pale, tena baada ya kukosolewa vibaya. Kituo cha Sheria na Haki za Binadamu, LHRC, kipo tangu 1995 na hutoa taarifa ya hali ya haki za binadamu nchini kila mwaka. Soma walau sura inayohusu jambo lako kabla hujawagongea mlango. Wa sheria mna kamati na vituo vya msaada wa kisheria vyuoni kwenu. Anzieni huko.

Ukipokelewa, tegemea kwamba mwezi wa kwanza utakuwa wa kutoa fotokopi na kuandikisha wageni. Usiudharau ule ukurasa wa wageni. Mimi niliandikisha watu miezi miwili, na ndipo nilipoanza kuona kwamba wanawake wengi waliokuja kwa ajili ya matunzo ya mtoto walikuwa wameshazungushwa ofisi tatu au nne. Hilo sikulisoma kwenye desa lolote.

Hatua ya 3: Ingia mtaani kwa mlango wa mbele

Omba chuoni barua ya utambulisho. Ipeleke ofisi ya serikali ya mtaa, umwone mtendaji, halafu mwenyekiti. Ukimaliza hapo nenda kata, kwa afisa maendeleo ya jamii. Huyu ni mtu muhimu kuliko cheo chake kinavyosikika: anavijua vikundi vyote vya akina mama, anajua nani alishawahi kupita hapo akaahidi na kutoweka. Mjumbe wa shina naye umsalimie, kwa sababu siku utakayoulizwa "wewe ni nani?" yeye ndiye atakayejibu kwa niaba yako.

Vaa kawaida. Usiende na fulana ya mradi, wala usitangulize kamera. Ukisalimia, salimia mpaka mwisho: shikamoo, habari za nyumbani, habari za mgonjwa. Mwanafunzi anayeruka salamu na kutoa dodoso anapewa majibu ya kumwondoa.

Kama uko kijijini kwenu wakati wa likizo, mkutano mkuu wa kijiji unatakiwa kufanyika kila baada ya miezi mitatu. Hudhuria, kaa nyuma, nyamaza, andika.

Hatua ya 4: Daftari

Chora safu nne: tarehe, lililosemwa, nani ameahidi kufanya nini, lini. Basi. Safu ya tatu ndiyo yenye nguvu. Ofisa akiambiwa "tarehe 14 ulisema bomba litatengenezwa ndani ya wiki mbili", mazungumzo yanabadilika palepale, na hujapandisha sauti.

Majina ya wananchi andika kwa herufi za kwanza tu. Hapa nina deni la kulisema. Mwaka wangu wa tatu nilimsindikiza mama mmoja mjane kwenye shauri la mirathi. Siku aliyopata barua ya usimamizi wa mirathi nilifurahi, nikampiga picha ameishika, nikaiweka mtandaoni na maneno matamu. Alikubali kupigwa picha. Sikumweleza inakwenda wapi. Shemeji zake waliiona kabla ya jioni, na wiki hiyo hakulala nyumbani kwake. Siku hizi kuna Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022, iliyoanza kutumika 2023, lakini hata bila sheria swali ni lilelile: huyu mtu anajua picha yake itaonwa na nani?

Hatua ya 5: Jua unapoishia

Sheria ya Msaada wa Kisheria ya mwaka 2017 inamtambua msaidizi wa kisheria, lakini inataka awe na mafunzo, na huduma anayotoa ni ya bure. Yeye si wakili. Wewe mwanafunzi wa kujitolea uko chini zaidi ya hapo: kazi yako ni kumweleza mtu njia, kumsindikiza, na kuhakikisha karatasi zake hazipotei. Ukimwambia "kesi hii tunashinda", umemdanganya.

Na njia zenyewe hubadilika. Mfano ni migogoro ya ardhi: hadi leo wapo wanaowaambia watu baraza la kata litatoa hukumu. Tangu marekebisho ya 2021, baraza la kata linasuluhisha tu, halina tena mamlaka ya kuamua nani mwenye kiwanja. Usuluhishi ukishindikana, mtu anakwenda baraza la ardhi na nyumba la wilaya. Usipolijua hilo, utampotezea mama wa watu miezi.

Wa sheria mnaotaka kwenda mbali zaidi, someni shauri la Rebeca Gyumi, aliyesoma sheria hapohapo Mlimani. Alipinga vifungu vya 13 na 17 vya Sheria ya Ndoa ya 1971 vilivyoruhusu msichana kuolewa chini ya miaka 18. Mahakama Kuu ilimpa ushindi 2016, serikali ikakata rufaa, na Mahakama ya Rufani ikamwacha na ushindi wake 2019. Miaka mitatu kwa vifungu viwili.

Hatua ya 6: Andika barua ya kuomba taarifa

Hatua hii ndiyo wengi wanairuka, na ndiyo niipendayo. Sheria ya Haki ya Kupata Taarifa ya mwaka 2016 inampa raia haki ya kuomba taarifa kwa ofisi ya umma, na ofisi inatakiwa ijibu ndani ya siku 30. Chukua mfano wa mikopo ya asilimia 10 ya mapato ya ndani ya halmashauri: nne za wanawake, nne za vijana, mbili za watu wenye ulemavu. Vijana wa mtaa wako wanasema hawajawahi kuiona. Andika hivi:

*Kwa Mkurugenzi wa Manispaa. Yah: Maombi ya taarifa za mikopo ya asilimia 10, Kata ya (jina). Mimi ni raia na mkazi wa kata tajwa. Kwa mujibu wa Sheria ya Haki ya Kupata Taarifa ya mwaka 2016, naomba kupatiwa: idadi ya vikundi vya vijana vilivyoomba mkopo katika kata hii kwa mwaka wa fedha uliopita, idadi ya vilivyopata, na kiasi kilichotolewa. Naomba nakala ya maandishi.*

Jina, sahihi, tarehe, simu. Toa nakala mbili: moja ibaki masjala, nyingine igongwe muhuri wa kupokelewa uondoke nayo. Bila muhuri, barua yako haikufika. Ukipewa fomu ya kujaza, jaza bila ugomvi. Omba namba, usiombe maelezo. "Kwa nini vijana hawapewi mikopo?" inajibiwa kwa hotuba, "vikundi vingapi?" inajibiwa kwa tarakimu.

Siku ya 31 bila jibu, rudi na nakala yako yenye muhuri. Majibu yakija, yapeleke kwa vijana wenyewe kwanza, wayasome wao.

Hatua ya 7: Chuo kikulipie jasho lako

Fildi, yaani mafunzo kwa vitendo, lazima uende, kwa hiyo iombee palepale unapojitolea, na uombe mapema kabla nafasi hazijajaa. Utafiti wa mwaka wa mwisho nao utoke kwenye jambo lako, kwa kibali cha chuo. Warsha za hotelini nenda mara mojamoja. Ukiona unajua ratiba ya posho kuliko ratiba ya mikutano ya mtaa, pumzika kidogo.

Hatua ya 8: Kabidhi kabla hujavaa joho

Miezi mitatu kabla ya kumaliza, tafuta mwanafunzi wa mwaka wa kwanza au wa pili. Mpeleke kwa mtendaji, kwa mjumbe, kwa afisa maendeleo, mmoja baada ya mwingine, umtambulishe kwa jina. Kaeni na daftari jioni moja, pigeni mstari chini ya kila ahadi ambayo haijatimizwa. Halafu mwachie na nakala zote zenye muhuri.

Kaunta buku langu la kwanza lilijaa likafuatiwa na la pili. Hilo la pili liko kwa binti mmoja wa ualimu, na juzi amenipigia kuuliza mwandiko wangu wa ukurasa wa 40 unasemaje.