Kukoki na kushusha pini ya bunduki ya bolti kwa usalama

Mwongozo huu ni wa wenye leseni ya silaha na kibali cha kuwinda wanaoingia mapori ya Sikonge. Nazungumzia mfumo wa bolti (chuma kinachofunga nyuma ya mtutu) wa Mauser wa mwaka 1898, ambao bunduki nyingi za .375 (ukubwa wa risasi) za kuwindia nyati bado zinaufuata. Kama sefti (kizuizi cha usalama) ya bunduki yako ni ya aina nyingine, fuata kitabu chake.

1. Elekeza mtutu pasipo na mtu, kidole nje ya kifyatulio. Miombo ya Tabora ina warina asali usiowaona, hivyo usiseme "kule ni pori tu".

2. Kama imekokiwa, yaani pini inayogonga risasi imevutwa nyuma tayari kupiga, simamisha ulimi wa sefti wima: kifyatulio hakifanyi kazi, bolti inafunguka. Ukiulaza kulia, bolti nayo inafungwa. Ukiulaza kushoto, bunduki iko tayari kupiga. Ulimi ukikataa kusimama, pini haijakokiwa.

3. Inua mkono wa bolti. Hapa ndipo inapokoki, si unaposukuma mbele, na wengi hawalijui hili. Ule ugumu unaousikia kiganjani ni springi inabanwa. Vuta nyuma, tazama chemba (tundu la risasi nyuma ya mtutu), kisha ingiza kidole kidogo uipapase. Kagua na magazini.

4. Kwenye gari chemba ibaki tupu, hata dereva akikuhimiza. Mkishashuka na kuanza kufuata nyayo, sukuma bolti hadi mwisho, laza mkono wake, peleka sefti kulia.

5. Kushusha pini, mnaporudi kambini: toa risasi zote, kagua chemba tena kwa jicho na kidole. Sefti kushoto, sukuma bolti mbele, bana kifyatulio na uendelee kukibana huku ukilaza mkono wa bolti polepole. Mkia wa pini uliokuwa umechomoza nyuma utaingia ndani. Naomba sana, usifanye hivi risasi ikiwa ndani ya chemba. Ncha ya pini itaegemea fataki (kiwashio kilicho kitakoni mwa risasi), na bunduki ikianguka au ikigongwa mkiani inaweza kufyatuka.

6. Ukifyatua isilie, shikilia mtutu palepale angalau sekunde 30, maana baruti huweza kuchelewa. Kisha fungua bolti taratibu, uso ukiwa kando, risasi idondoke chini. Usiirudishe kwenye magazini.