Juisi ya tikiti ya kufinya kwa mkono

Wifi yangu wa Wete alinipigia simu Ramadhani, alasiri imeshaingia. "Wifi, juisi ya tikiti imenishinda. Juu povu, chini maji matupu, na mtoto kaionja anasema chungu." Nikamuuliza ameisaga muda gani. "Mpaka ikalainika yote." Hapo nikajua. Alikuwa na tikiti la pili, nikamwelekeza kwenye simu, na jagi likawa tayari kabla ya adhana ya Magharibi. Haya ndiyo niliyomwambia.

1. Tikiti. Chagua zito kuliko linavyoonekana, lenye doa la manjano pale lilipolalia ardhi. Doa likiwa jeupe, limechumwa changa. Lioshe ganda kwa maji na sabuni kabla ya kulipasua, kwani kisu huingiza ndani uchafu wote wa juu. La kilo 5 hutoa karibu lita 2.

2. Kukata. Toa nyama nyekundu tu. Ukifika kwenye weupe, simama, la sivyo juisi itakuwa na ladha ya tango.

3. Kufinya. Mimi tikiti silitii kwenye blenda. Nilijifunza miezi ile mitatu, Disemba 2009 hadi Machi 2010, Unguja ilipokuwa haina umeme. Blenda ikakaa kabatini, tukarudi kwenye kifumbu, kile kifuko cha ukili cha kukamulia tui, na juisi ikawa tamu kuliko tuliyoizoea. Umeme uliporudi nikarudi na mimi kwenye blenda. Siku moja nina wageni, nikasaga matikiti mawili pamoja na mbegu zake, nikijiambia nitachuja. Nilichuja kwa chujio, nikachuja tena kwa kitambaa cha melimeli, nikaongeza sukari, nikachuja mara ya tatu. Saa mbili nzima, na uchungu uko pale pale. Mbegu ikishasagika, vumbi lake hupita kwenye tundu za chujio lolote. Nilimwaga yote.

Basi fanya hivi. Nawa mikono mpaka kwenye viwiko. Tia vipande kwenye beseni pana, kamata kimoja kimoja, kifinye taratibu ndani ya kiganja. Utasikia maji yanatoka na mbegu zinateleza baina ya vidole, nzima. Usitwange wala usipige kwa mwiko. Kisha mimina kwenye kifumbu kidogo kidogo, bonyeza kwa kiganja. Usikikamue kama unavyokamua tui, maana nyuzi zitapenya na juisi itakuwa nzito kama uji.

Kifumbu kiwe cha juisi peke yake. Cha tui kina mafuta ya nazi hata ukioshe mara kumi, na ikifika jioni jagi zima linanuka nazi. Huna cha pili? Chukua melimeli safi, ichemshe kwa maji matupu bila sabuni. Chujio la plastiki pia linafaa, ukibonyeza kwa mgongo wa upawa.

Kama lazima uwe na blenda, toa mbegu zote nyeusi kwanza, kisha washa na kuzima mara 2 au 3 tu. Ukiiacha izunguke inaingiza hewa, na hiyo ndiyo povu. Iache itulie dakika 10, engua povu kwa upawa. Na hata ya mkono ikikaa itajitenga, nyuzi mbali na maji mbali. Haijaharibika, koroga kabla ya kumimina.

4. Utamu. Sukari kavu haiyeyuki vizuri kwenye juisi baridi, inalala chini ya jagi. Pika shira: sukari kikombe 1, maji nusu kikombe, iliki 3 zilizopondwa. Ikiyeyuka yote, ipoze. Tia kijiko kijiko, juisi ikiwa imeshapoa, kwa sababu baridi hufifisha utamu. Umefunga? Mwite mtoto akuonjee. Tikiti likiwa tamu lenyewe, shira iache.

5. Ndimu. Moja kwa lita 2, mwisho kabisa. Tangawizi mimi sitii, inafunika harufu ya tikiti.

6. Ubaridi. Asubuhi gandisha vipande vya tikiti visivyo na mbegu kwenye friza, utumie hivyo badala ya barafu. Vikiyeyuka, juisi haichujuki. Barafu ya kununua usitie kama hujui maji yake yametoka wapi. Tikiti halina ukali wa kutosha kuzuia vijidudu, kwa hivyo juisi iingie kwenye friji mara tu ukimaliza kuchuja. Kwa joto la kaskazi, iliyokaa mezani saa mbili imwage. Usiipeleke kwenye daku.

Mbegu zilizobaki kwenye kifumbu zioshe, zianike, uzikaange na chumvi kwenye kikaango kikavu. Maganda wape mbuzi.