Kuchambua shairi huru la tamaa na ndoa: fuata viambishi

Nimesahihisha kazi za uchambuzi wa mashairi kwa miaka mingi, na sentensi inayonisikitisha zaidi ni hii: "Shairi hili linatufunza kuwa tamaa mbele, mauti nyuma." Methali ni ya kweli, lakini mtu angeweza kuiandika bila kulisoma shairi lenyewe. Nami niliandika vivyo hivyo nikiwa mwanafunzi. Mwalimu wangu hakuikata sentensi ile. Alizungushia kitenzi kimoja ndani ya shairi, akaandika pembeni: "Umekiona hiki?" Sikuwa nimekiona.

Nimetunga shairi fupi ili tuwe na kitu cha kushika mkononi. Linaitwa "Hesabu".

Tulilala mkekani tukicheka,
paa la matundu juu yetu,
kidole chako kikihesabu
nyota.

Ukajenga.
Ukaongeza chumba, ukaongeza
ukuta, ukaongeza
kufuli.
Pete ukaivua, ukaipima
uzito.

Leo funguo kumi na mbili kiunoni.
Usiku wa manane nakusikia
ukizihesabu,
nami nimesimama
nje.

Lisome kwa sauti mara mbili kabla ya kushika kalamu. Kisha liweke kando neno "tamaa", maana humu halimo. "Ndoa" nayo haikutajwa. Hayo ni maneno yako wewe msomaji, na kazi yako ni kuonyesha umeyatoa wapi. Ndoa tunaipata kwenye mkeka wa watu wawili na kwenye pete. Tamaa tutaitafuta.

Anza na swali la nani anasema na anamwambia nani. Nafsineni ni "mimi", nafsinenewa ni "wewe". Hapa wengi huandika haraka kwamba mke anamlalamikia mumewe. Nani kakwambia? Kiambishi u- hakina jinsia, ni- vilevile. Aliyesimama nje anaweza kuwa mume. Lugha yetu inaruhusu shairi zima la ndoa lipite bila kutaja nani mke nani mume, na mtunzi akinyamaza hivyo, usimsemee. Andika "mwenzi" mpaka upate ushahidi.

Sasa chukua kalamu, upigie mstari kila kiambishi cha nafsi. Hatua hii usiiruke hata kama muda ni mfupi. Ubeti wa kwanza una tu- (tulilala, tukicheka) na "yetu". Baada ya hapo tu- haionekani tena. Ubeti wa pili una vitenzi sita, vyote vya u-. Wa tatu una "wewe" na "mimi" waliotengana, kila mmoja akitenda kivyake. Ndoa hii imevunjika ndani ya sarufi, na hakuna aliyetamka talaka.

Tazama na nyakati. Mkekani kuna -ki-: tukicheka, kikihesabu, matendo yanayokwenda pamoja. Kisha inaingia -ka-, tendo juu ya tendo, ukajenga, ukaongeza, ukaongeza, hata pumzi haipatikani. Takriri, yaani kurudiwa kwa neno "ukaongeza", imebeba uroho wote wa mtu huyu. Mwishoni -ki- inarudi kwenye "ukizihesabu", ila safari hii anayehesabu yuko peke yake. Kile kitenzi nilichozungushiwa na mwalimu wangu kilikuwa cha namna hii, kitenzi kilichorudi kikiwa na maana nyingine. Kidole kilichohesabu nyota, ambazo hakuna awezaye kuzimiliki, sasa kinahesabu funguo. Ukiliona hilo, umelishika shairi.

Halafu pima mpangilio wa vitu. Chumba, ukuta, kufuli. Chumba huhifadhi watu, ukuta hutenga, kufuli hufungia. Kila kinachofuata ni kidogo kwa umbo na kikubwa kwa madhara. Lakini kuwa mwadilifu kwa anayejenga: paa lilikuwa na matundu. Haja ilikuwa ya kweli. Mchambuzi mzuri huuliza haja iligeuka tamaa wapi, na kwa maoni yangu imegeuka pale pete inapopimwa uzito. Kuanzia hapo agano limekuwa kipande cha madini. Wewe unaweza kusema ni kwenye ukuta. Sawa, mradi unukuu.

Umbo lisikutishe. Kwenye tarbia, shairi la mishororo minne kwa ubeti, yenye mizani 16 kwa mshororo, vina na mizani hukushika mkono. Shairi huru halina hayo, na kuandika tu "halina vina" hakutoshi. Mjadala wa kama utungo usio na vina na mizani ni shairi ulishakuwa mkali tangu enzi za diwani ya Kichomi ya mshairi Mtanzania Euphrase Kezilahabi, iliyotoka mwaka 1974, na tungo hizi bado zinasomwa. Uliza badala yake mshororo umekatwa wapi. "Ukaongeza / ukuta" ni mshata: mshororo haujitoshelezi, jicho linalazimika kushuka kutafuta kilichoongezwa, kama mwenye uroho anavyotafuta kingine. Na yale maneno yasiyo vitenzi yaliyoachwa peke yake, nyota, kufuli, uzito, nje, yasome kwa mfululizo. Ni hadithi nzima.

Unapoandika, kila dai lishikane na neno la shairi. Usiandike "mshairi ametumia takriri kusisitiza ujumbe". Andika hivi: "Kitenzi 'ukaongeza' kinarudiwa mara tatu, na kila mara kinachoongezwa kinamtenga mwenzi zaidi, kuanzia chumba hadi kufuli." Sentensi ya pili haiwezi kuhamishiwa shairi lingine.

Toni iache mwisho, kwa sababu utaihitaji sauti yako. Rudia kusoma mishororo miwili ya mwisho. Baada ya "nimesimama" tua kidogo. Kiambishi -me- kinasema hali bado ipo: alisimama, na hajafunguliwa. Hakuna tusi, hakuna laana. Mimi nasikia huzuni iliyochoka kulia, na ningeandika hivyo, nikinukuu "nakusikia": amefungiwa nje, na bado anasikiliza.