Namna ya Kukagua Mipaka ya Kisheria ya Hatifungani za Mashirika ya Nyumba Marekani

Mashirika ya umma ya fedha za nyumba katika majimbo ya Marekani huuza hatifungani (hati za deni zinazomlipa mnunuzi riba) ili kupata fedha za mikopo ya nyumba kwa watu wa kipato cha chini na cha kati. Anayetaka kujua kama hatifungani fulani imo ndani ya sheria atenganishe kwanza mipaka miwili inayochanganywa mara nyingi: wa sheria ya jimbo, unaohusu deni la shirika, na wa sheria ya kodi ya shirikisho, unaohusu kiasi kinachoweza kuuzwa kila mwaka kwa msamaha wa kodi.

Anza na sheria iliyounda shirika. Ikiwa imetaja kiwango cha juu cha deni, soma kwa makini kinachohesabiwa, kwa kuwa mara nyingi ni deni la msingi (bila riba) ambalo bado halijalipwa, si jumla ya yote yaliyowahi kuuzwa. Kisha tafuta kifungu kinachosema kama jimbo linawajibika kulipa. New York, iliyounda shirika lake mwaka 1960, ilitumia ahadi ya kimaadili: bunge la jimbo linaweza kujaza akiba ya kulipia deni inapopungua, lakini halilazimiki. Tofauti hiyo si ndogo. Mwezi Februari 1975 shirika jingine la jimbo hilohilo, Urban Development Corporation (shirika la maendeleo ya miji), lilishindwa kulipa deni lililoiva.

Baada ya hapo, nenda kwenye kifungu cha 146 cha sheria ya kodi ya shirikisho. Kwa mwaka 2025 kila jimbo liliruhusiwa dola 130 kwa kila mkazi au dola 388,780,000, kutegemea kipi ni kikubwa, na nyumba hugawana kiasi hicho na matumizi mengine, kama vile viwanda na mikopo ya wanafunzi. Kisichotumika kinaweza kuhamishiwa miaka mitatu inayofuata.

Kwa mikopo ya kununua nyumba, kifungu cha 143 ndicho chenye masharti mazito. Angalau asilimia 95 ya fedha ziwaendee watu ambao hawakumiliki makazi yao kwa miaka mitatu iliyotangulia, isipokuwa katika maeneo maalumu na kwa baadhi ya waliotumikia jeshi. Bei na kipato cha mnunuzi vina ukomo. Riba ya mikopo isizidi faida wanayopata wanunuzi wa hatifungani kwa zaidi ya pointi 1.125 za asilimia. Kwangu hili ndilo sharti muhimu kuliko yote, kwa sababu bila hilo nafuu ya kodi ingeweza kubaki mikononi mwa shirika badala ya kumfikia mwenye nyumba. Fedha ambazo hazijakopeshwa ndani ya miezi 42 hutumika kulipa hatifungani.

Mwisho, soma maoni ya wakili wa hatifungani yaliyoambatishwa kwenye waraka wa mauzo. Yanapaswa kuthibitisha mambo mawili mbalimbali: kwamba hatifungani ni halali kwa sheria ya jimbo, na kwamba riba yake imesamehewa kodi ya shirikisho. Masharti ya kodi yakivunjwa, riba inaweza kutozwa kodi kuanzia siku hatifungani ilipotolewa.