Kona iliyooza ya Land Cruiser ya zamani: namna ya kuitia kiraka

Papa mmoja wa Himbi, mtaa wa hapa Goma, aliniletea Land Cruiser yake ya BJ40 hapa garajini, akasema anataka rangi tu. Nikagonga kona ya nyuma kwa kidole, chini karibu na gurudumu. Ikajibu kama ukuta wa udongo. Nilipochokoa kwa bisibisi, likadondoka bonge la mastiki, ile dawa ya kujazia mashimo ya bodi, nene kama kitumbua, na nyuma yake kipande cha chandarua. Bati lenyewe lilishaoza zamani.

Magari haya ya muundo wa 40, ambayo Toyota ilitengeneza kuanzia 1960 hadi 1984, huoza sana hapo hapo kwa sababu tope hujazana ndani ya kona. Na hapa Goma mvua ikipita kwenye moshi wa volkano ya Nyiragongo inashuka na asidi. Waulize wenye nyumba za mabati.

Hatua ya 1: tafuta bati zima. Chomoa betri, shusha tangi la mafuta, vaa miwani. Kwangua mpaka bati ling'ae, kisha songa sentimita 2 mbele, maana kutu hutembea chini ya rangi. Kata palipooza, pembe uziviringe.

Hatua ya 2: kiraka. Bati la nyumba hapana: ni jembamba mno, na zinki yake ikiungua moshi wake unakulaza na homa. Sisi matolie, mafundi wa bati za magari, tunakata pipa la lita 200, unene wake ni kama milimita 1, unakaribiana na wa bodi. Chukua lililobeba mafuta ya kula. Lililobeba petroli, hata likikaa tupu miaka, mvuke hubaki kwenye mikunjo na cheche moja inatosha kulilipua. Mimi silikati hata nikipewa bure. Kata kwanza kipimo cha katoni.

Hatua ya 3: kuchomelea. Hapa ndipo wanafunzi wangu wanaharibu. Kiraka kikae sawa na bodi, kisipande juu yake. Piga doti kwenye pembe, kisha rukaruka: moja hapa, nyingine upande wa pili, usubiri hadi kiganja kivumilie joto. Ukivuta mstari mmoja mrefu, bati linajikunja kama chapati kikaangoni. Kwa mashine ya fimbo tumia fimbo ya milimita 2 na moto mdogo, ya 3.25 inatoboa tu. Jioni umeme ukianza kuchezacheza, naweka vifaa chini.

Hatua ya 4: kunyoosha. Shika fuawe ya mkono, kile chuma kizito cha kushikilia, nyuma ya bati. Ukipiga nyundo moja kwa moja penye fuawe, bati linatanuka. Kushusha kilima, fuawe ikae chini ya bonde la jirani, nyundo ipige kilima. Bati likibonyea na kurudi, tok-tok, kama kifuniko cha kopo, limeshatanuka: pasha doa moja, ukubwa wa sarafu, hadi liwe jekundu, gonga kulizunguka, kisha bandika kitambaa chenye maji. Litajivuta. Halafu pitisha kiganja juu ya kitambaa chepesi, macho umefumba. Mkono unaona kuliko jicho.

Hatua ya 5: mastiki. Isizidi milimita 3. Dawa ya kuikausha ni asilimia 2 hivi, jua likiwaka punguza kidogo; ikizidi, madoa yatapenya rangi. Sugua kavu kwa msasa namba 80, 180, 320, kwa kuwa mastiki hunywa maji. Tia apre, yaani rangi ya msingi, puliza vumbi la rangi nyeusi, sugua kwa 400. Weusi ukibaki mahali, hapo pana shimo.

Rangi naipiga alfajiri, sakafu imelowa, kabla pikipiki hazijaanza kutimua vumbi la lava.

Mwisho, ndani ya kona: apre kwenye maungio, nta juu yake, na tundu za kutolea maji zizibuliwe. Za yule papa nilizikuta zimezibwa kwa mastiki pia.