Namna ya Kuchunguza Mwendo wa Viumbe wa Seli Moja

Mwalimu wa Mtwara au Lindi mwenye hadubini ya kawaida hana haja ya kuagiza sampuli kutoka mbali, kwa kuwa paramesi, yuglena na amiba, viumbe wa seli moja, hupatikana katika maji baridi yaliyotuama, yawe ya majaruba ya mpunga ya Kitere, ya kingo za Ziwa Rutamba au ya dimbwi lililo nyuma ya shule. Maji ya visima vya pwani yenye chumvichumvi hayafai. Teka kwa kopo lililofungwa kwenye fimbo bila kuingia majini, maana penye konokono huenda pana kichocho, na ukimaliza unawe mikono kwa sabuni.

Chemsha mabua makavu ya mpunga katika maji ya mvua kwa dakika kumi hivi, yaache yapoe kabisa, kisha uyachanganye na maji uliyoteka. Bakteria ndio watakaoongezeka kwanza, na baada ya siku chache paramesi wanaowala watakuwa wengi. Maji mengine yaweke katika chupa angavu karibu na dirisha, kwani yuglena hufuata mwanga na hukusanyika upande unaoangazwa.

Kinachowakatisha wengi tamaa ni kasi ya paramesi, ambaye huweza kwenda takriban milimita moja kwa sekunde na kutoweka machoni mara tu anapoonekana. Dawa yake ni nyuzi chache za pamba zilizotawanywa katika tone la maji juu ya slaidi, yaani kipande cha kioo kinachowekwa chini ya hadubini, kabla ya kulifunika kwa kioo chembamba. Anza na ukuzaji wa mara 40, na kwa kuwa hadubini hugeuza taswira, sogeza slaidi kuelekea upande uleule ambao kiumbe anaonekana kuuendea. Paramesi akigonga uzi, silia zake, yaani vinyweleo vinavyomzunguka mwili mzima, hupiga kinyume, naye hurudi nyuma, hugeuka kidogo, kisha huenda mbele tena huku akijizungusha. Kwa maoni yangu hapa ndipo pa kukaa muda mrefu zaidi.

Yuglena huvutwa na mjeledi mmoja, yaani uzi mrefu mwembamba, uliotokeza mbele, ambao hauonekani vizuri mpaka mwanga wa hadubini upunguzwe. Amiba mtafute katika tope la chini. Kwa kuwa husogea taratibu kwa kumiminia utomvu wa seli katika miguu ya bandia, yaani sehemu za mwili zinazochomoza kwa muda, chora umbo lake kila baada ya dakika moja, kisha ulinganishe michoro.