Kombe la zawadi ya kilimo kutoka Ufaransa: jinsi ya kujua kama ni fedha tupu

Jana usiku nilimsaidia shemeji yangu aliyeko Lyon, kwa simu ya video, kukagua kombe alilonunua mnadani: fahali amesimama juu ya kifuniko, masuke ya ngano na vishada vya zabibu vimezunguka tumbo. Wakulima wa Ufaransa walitunzwa makombe ya namna hii karne ya 19. Naandika utaratibu tuliofuata.

Hatua ya 1. Osha kwa maji ya uvuguvugu na sabuni ya vyombo, kausha. Dawa za kuchovya za kung'arisha fedha sizitaki kabisa. Zinakula weusi uliokaa kwenye mitaro ya nakshi, na weusi huo ndio unaofanya suke lionekane suke.

Hatua ya 2. Soma maandishi. "Comice agricole" ni chama cha wakulima wa eneo dogo, "Concours régional" ni shindano la mkoa. Ukikuta wizara ya kilimo imetajwa peke yake, bila kuunganishwa na neno biashara, aghalabu ni baada ya 1881, ilipopewa waziri wake yenyewe.

Hatua ya 3. Tafuta mihuri. Hapa usiwe na haraka. Muhuri wa serikali tangu 1838 ni kichwa cha Minerva, mungu wa kike wa Warumi, mwenye kofia ya vita. Namba 1 mbele ya paji la uso ni fedha 950 kwa 1000. Namba 2 chini ya kidevu ni 800. Muhuri wa sonara una umbo la uru, kama wa karata. Ukiwa mraba, kipande hicho kimepakwa fedha tu. Jina kubwa lisikudanganye: Christofle, kampuni maarufu ya Ufaransa ya vyombo vya fedha, walitengeneza vyote viwili, vya fedha tupu na vya kupakwa.

Sasa sikiliza. Mwaka fulani niliona mraba kwenye kitako nikamwambia mwenye kombe lote ni la kupakwa. Baada ya mchana mzima ndipo nilipolifungua: fahali alikuwa na Minerva wake chini ya kwato. Makombe haya huunganishwa kwa parafujo ndefu na nati, na kila kipande hujitegemea. Kwa hiyo fungua, lakini piga picha kwanza. Nati ikigoma, tia tone la mafuta ya cherehani, iache hadi asubuhi. Kitako kikiwa kimejazwa lami au plasta, usikiguse. Usipime uzito kombe likiwa zima, maana chuma cha ndani kinahesabiwa pia. Tindikali usitie, inaacha doa.

Tumia lenzi ya sonara ya mara 10 na taa ya pembeni, si kamera ya simu. Kisha geuza bati, tazama mkabala na muhuri: fuawe ya serikali ilichongwa picha za wadudu, na pigo la muhuri huacha alama zao upande wa pili.

Hatua ya 4. Ndani kukiwa na rangi ya dhahabu, usisugue. Futa kwa pamba.

Hatua ya 5. Rudisha vipande, kaza nati kwa vidole tu.

La shemeji: tumbo na kifuniko Minerva 1, fahali Minerva 1, kitako mraba.